Binti wa Marehemu Magunga

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita: dada yangu Sellah yuko ndani ya jengo moja la Jeddah wanamozuiliwa wafanyakazi waliotoroka, mimi niko nje, na kati yetu ameketi mudiri, mkuu wa jengo hilo, mwenye muhuri.

Sellah alitoroka nyumba ya Al-Rawdah alikokuwa akifungiwa chumba cha kufulia nguo. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, anamtaka arudi. Mudiri alisema atarudishwa kwa kafili, isipokuwa atokee mwanamume wa damu yake, amchukue na kumpeleka uwanja wa ndege.

Nikatokea. Nikaambiwa mimi si wa damu yake.

Pasi yangu inasema Jackton Odero Magunga. Pasi yake inasema Sellah Awino Nyangweso. Mudiri aliziweka kando kwa kando akasema, "Baba mbali mbali. Halas, imekwisha." Akanipa mpaka Jumatano nilete ushahidi, nami nikarudi Riyadh nikitukana njia nzima.

Nawakumbuka wote, msomaji. Namkumbuka yule ajenti wa Nairobi aliyemwambia Sellah, "Jina si kitu, weka lolote lililo kwenye kitambulisho." Namkumbuka mheshimiwa aliyekuja Riyadh mwaka ule tulipogoma, akapiga picha na sisi madereva, akaondoka na picha. Siku hiyo nilimwuliza swali moja hadharani na mpaka leo hajanijibu. Mimi sisahau. Ni ugonjwa wangu.

Sasa tuendelee.

Bosi wangu wa Riyadh anaitwa Rejean. Ni Mkanada, lakini ukimwita Mkanada bila kuongeza "wa Kifaransa" anakununia mpaka jioni. Ofisi yake iko Al-Sulimaniyah, kazi yake ni pampu za maji. Ijumaa, wazungu wenzake wakienda kuogelea, yeye hukaa na kompyuta kutafuta wafu wa ukoo wake. Nani alizaliwa parokia gani, nani alioa nani, nani alikufa na homa ipi.

Niliwahi kumcheka. Mtu ana kiyoyozi na mshahara, bado anasumbua marehemu!

Jumanne asubuhi nikaenda kumwomba ruhusa. Nikamweleza habari ya majina mawili. Nilidhani atasema pole. Akaruka kitini.

"Jackton! Hilo ni jambo langu!"

"Bosi, ni jambo la dada yangu."

"Pampu zangu zimefika Bandari ya Jeddah. Twende wote. Wewe endesha, mimi nitakufundisha njiani."

Tukaondoka. Hata hatujatoka Riyadh, ameshaanza.

"Mimi ni Pelland. Nina binamu yangu, babu yetu mmoja, yeye ni Jolicoeur. Unaelewa?"

"Mlikosana?"

"Hapana! Babu wa mababu zetu alikuwa askari wa mfalme wa Ufaransa. Kila askari alipewa jina la vita. Basi akawa Pelland, aitwaye pia Jolicoeur. Wanawe wakagawana. Huyu akashika la baba, yule akashika la vita. Ndugu wa tumbo moja, makaburi mawili, majina mawili."

"Hilo la vita maana yake nini?"

"Moyo mzuri."

"Askari mwenye moyo mzuri? Huyo lazima walimfukuza kazi."

Akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. Nami nilicheka, nakiri. Dada yangu amefungwa na mimi nacheka barabarani.

Nikamwuliza, "Na wake zenu?"

"Mwanamke wetu hubaki na jina la baba yake. Mama yangu alizaliwa Thibodeau, akazikwa Thibodeau. Siku hizi hata sheria ya jimbo letu haimruhusu bibi harusi kubadilisha."

Nikapiga usukani. "Kumbe nyinyi ni kama Waarabu!"

"Usimwambie mama yangu. Atafufuka."

"Sellah alipoolewa, Nyangweso ndilo jina walilomwandika. La mumewe. Mume akafa, jina likabaki."

"Basi ndiyo hiyo! Mudiri anadhani Nyangweso ni baba yake. Mweleze. Lakini sikiliza, usiende kwa mtu wa ofisi na majina matupu. Jina mtu anaweza kulibuni. Mpe miaka. Kuzaliwa, kuoa, kufa. Ukoo usio na miaka ni porojo tu."

Kutoka hapo mpaka Taif nikawa mwanafunzi. Yeye anauliza, mimi najibu. Babu yangu? Mwaka gani? Alioa lini? Nikikosa ananirudisha nyuma. Miaka ya babu nilikuwa nimeipata kwa mama kwa simu, ya baba naijua mwenyewe.

"Baba yako."

"Magunga. Alizaliwa elfu moja mia tisa arobaini na moja. Akaoa sitini na nane. Akafa themanini na nne, mwaka wa njaa."

"Bravo. Wewe?"

"Sabini na tisa."

"Sellah?"

"Themanini na saba."

"Bravo. Endelea, rudia tena."

Alikuwa anatazama ngamia dirishani. Hakusikia alichokisikia. Wala mimi sikusikia. Nisikie nini? Kwetu Ndhiwa hapo hapana cha kusikia.

Simlaumu. Ama nimlaumu kidogo.

Jumatano nikamshusha bandarini. Akanishika bega. "Miaka, Jackton. Upende usipende, watu wa ofisi wanapenda miaka."

Nikaingia kwa mudiri nimechomekea shati.

Mkalimani alikuwa Zeinab wa Likoni. Mkalimani nasema, lakini yeye mwenyewe ni mfungwa wa humo humo, anasubiri ikama yake, kile kibali cha kuishi, itatuliwe. Kwa sababu anajua Kiarabu, wamemgeuza karani wa bure. Hilo nalo nimeliweka kichwani.

"Kaka yangu," akaninong'oneza, "kafili amekuja. Yuko ukumbini. Sema mambo yako upesi na uyaseme vizuri."

Nilimwona nilipopita. Mzee safi, tasbihi mkononi, sauti ya asali. Anawaambia askari, "Sellah ni kama binti yangu." Binti anayelala na mashine ya kufulia!

Nikaketi. Nikaeleza. Kwamba Nyangweso ni jina la mume, mume ni marehemu, na kwamba ndivyo kitambulisho chetu kilivyoandikwa.

Mudiri akamtazama Zeinab kana kwamba ametafsiri vibaya.

"Anachukua jina la mume? Kwani baba yake alimfanya nini?"

"Ni desturi tuliyoachiwa na Waingereza, bosi."

"Desturi mbaya."

"Hata mimi naona hivyo. Wakanada wa Kifaransa hawafanyi. Kwao mwanamke ni wa baba yake mpaka kaburini, kama kwenu."

Uso wake ukafunguka. "Wallahi? Wafaransa?"

"Wa Kanada."

Zeinab akaongeza la kwake, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Nimemwambia nyinyi watu wa bara majina yenu ni kama treni, kila stesheni mwabadilisha behewa."

Mudiri akacheka. Akaagiza chai. Msomaji, nilipewa chai! Akaniambia yeye anaweza kuhesabu baba zake mpaka wa kumi na mbili. Akawahesabu, mmoja mmoja, macho amefumba. Kisha akaweka kikombe chini.

"Sasa wewe."

Nikajikohoza. Nikawataja wazee wangu kwa Kiswahili kilichonyooka, na miaka yao, kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi. Zeinab anatafsiri, mudiri anaitikia kwa kichwa. Nikafika kwa baba. Kuzaliwa, kuoa, kufa. Nikajitaja. Nikamtaja Sellah.

Zeinab akaacha kutafsiri.

"Kaka Jackton," akasema polepole, "una hakika na huo mwaka?"

"Upi?"

"Wa Sellah. Ama wa baba. Mmoja wapo. Fikiri, kaka."

Alikuwa ananirushia kamba. Nikaona ananidharau, kwamba mtu wa bara hawezi kujua miaka yake.

"Nina hakika kama ninavyolijua jina langu. Tafsiri."

"Nisiitafsiri hiyo."

"Dada, tafsiri!"

Akatafsiri.

Mudiri akatoa kalamu. Hakuandika kitu. Akaigonga mezani.

"Baba yako alikufa themanini na nne."

"Ndiyo."

"Dada yako akazaliwa themanini na saba."

"Ndiyo."

"Baba gani huyo anayezaa kaburini?"

Hapo ndipo nilipoisikia miaka yangu mwenyewe.

Nikaanza kueleza, na kila neno nililolitoa lilizidi kuniangusha. Kwamba kwetu mume akifa, mke haondoki. Kwamba ndugu wa marehemu huingia nyumba ile kuisimamisha. Kwamba baba mdogo wangu Dominic ndiye aliyeingia kwa mama, mbele ya wazee, kwa heshima, hakuiba. Na kwamba watoto watakaozaliwa si wake. Ni wa Magunga. Wanaitwa wa Magunga, wanaolewa wakiwa wa Magunga, wakifa wanaliliwa kama wa Magunga. Hakuna anayehesabu miaka. Ukihesabu, umemtukana marehemu.

Zeinab alitafsiri akitazama sakafu.

"Kwa hiyo alifunga ndoa na mama yako? Huyo Dominic?"

"Mama ni mke wa Magunga."

"Nauliza ndoa. Mafi? Hakuna?"

"Mafi."

Chai yangu ikaondolewa. Sisemi kwa mfano. Mtu alikuja akaichukua.

"Basi sikiliza, ewe Jackton," mudiri akasema. "Msichana huyu ni wa damu ya ami yako. Binti wa ami yako unaweza hata kumwoa. Siwezi kukupa msichana unayeweza kumwoa uondoke naye. Halas. Mwiteni Abu Talal."

Abu Talal ndiye kafili.

Nikapiga magoti. Mimi, niliyewasimamisha madereva wa kampuni nzima wasiwashe injini. Nikapiga magoti kwenye zulia la serikali nikashika mguu wa meza.

"Mama! Mama yetu ni mmoja! Tumetoka tumbo moja, bosi. Nimenyonya, akanyonya. Tumbo moja!"

Zeinab alipaza sauti kunishinda. Mudiri akainua mkono. Akafikiri. Huyu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu ningependa awe mbaya.

"Kwa mama," akasema. "Ndugu wa mama ni ndugu. Hawezi kumwoa. Hiyo inakubalika."

"Alhamdulillahi," Zeinab akasema.

"Lakini aseme hivyo. Aseme mbele yangu: Sellah ni binti wa mama yangu, si binti wa Magunga. Baba yangu si baba yake. Niandike, aweke kidole, nakala iende ubalozi wao. Baada ya swala ya alasiri anaondoka naye."

Mnaona mtego? Ili niwe ndugu yake, nimfukuze nyumbani kwetu.

Maana Sellah hana kwingine. Wakwe walimtimua Nyangweso alipokufa. Akarudi na mwanawe Alvin, akajenga kwenye boma la Magunga. Wana wa Dominic wakampeleka kwa chifu, wanataka kile kipande. Chifu akaamua kwa maneno mafupi: binti wa Magunga anakaa kwa Magunga. Ndio ukuta wote wa nyumba ya Alvin, hayo maneno. Na wana wa Dominic wana rafiki mmoja Nairobi anayejua kila karatasi inayopita ubalozini.

"Kaka," Zeinab akaninong'oneza, "mtu hutoka kwanza, mengine huja baadaye. Ukichelewa, yule mzee aingia."

Tasbihi ilikuwa inalia pale mlangoni.

Nikasema.

Nilisema neno kwa neno, kama alivyonitajia. Baba yangu si baba yake. Nikaweka kidole. Wino ule niliupangusia suruali na bado naona kama uko.

Sellah akaletwa.

Amekonda. Alinitazama, akacheka kidogo. "Jackton. Umenenepa wewe. Hao wazungu wanakulisha nini?"

"Dada, tunaenda nyumbani."

"Kweli?"

"Kweli. Bado uulizwe tu," Zeinab akasema.

Mudiri akasoma maneno yangu. Ilibidi Sellah ayakubali. Zeinab akatafsiri kwa sauti ndogo sana. Alipomaliza, kicheko cha Sellah kilikuwa bado usoni, kimesahaulika hapo.

"Rudia, Zeinab."

Zeinab akarudia.

"Jackton, umesema nini kuhusu baba?"

"Nimesema ili utoke."

"Nitoke niende kwa nani?"

"Sellah, ni maneno tu ya hapa. Ya Waarabu."

"Kidole chako kimewekwa hapo. Na inaenda ubalozini? Wewe si ndiye unayetufundisha kila siku kwamba karatasi ndiyo inayotuua? Wewe si ndiye unayepiga kelele kwenye simu, mtu asiweke kidole kwenye asichokijua?"

Nikakikunja kidole chenye wino.

"Alvin atalala wapi karatasi hiyo ikifika?"

"Nitajenga..."

"Utajenga wapi? Kwa Dominic? Mimi niwe wa Dominic? Dominic hajawahi hata kuninunulia kalamu! Mimi nilimlilia Magunga kila mwaka wakimkumbuka. Nilijua kaburi lake kabla sijajua kusoma."

Mlango ukafunguka kidogo. Sauti ya asali. "Sellah, baba yuko hapa. Yalla, watoto wanakuulizia."

Baba. Ndivyo wanavyoitwa hawa. Nilitaka kumrukia. Askari aliyekuwa nyuma yangu akaliona hilo, akasogea.

Mudiri akachoka. "Mwulize. Anakubali au hakubali?"

Sellah akamgeukia Zeinab. "Kwa Kiarabu, baba yangu ni Magunga, wanasemaje?"

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Wanasemaje?"

Zeinab akamwambia. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Dada yangu akasimama wima mbele ya ile meza. Akasema kwa sauti ambayo nadhani hata barabarani walisikia: "Abuya Magunga!"



Mudiri akafunika kalamu. Akaniangalia mimi, si yeye.

"Umeweka kidole kwamba baba yake si Magunga. Yeye anasema ni Magunga. Mmoja wenu amesema uongo kwenye ofisi ya serikali. Akiwa ni yeye, anarudi na kafili wake. Ukiwa ni wewe, yeye anarudi na kafili, na wewe unalala ndani."

"Bosi, hakuna uongo. Yote mawili ni kweli!"

"Kwenu labda."

Zeinab akamsihi. Alizungumza Kiarabu cha haraka nisichokifuata, mkono kifuani. Sijui alimwambia nini. Mudiri alisikiliza, akatazama saa ya ukutani, akamtazama kafili pale mlangoni, kisha akaisukuma simu ya mezani mbele yangu.

"Mama yenu yu hai?"

"Yu hai."

"Mama ndiye anayejua. Mpigie. Weka sauti tusikie wote. Zeinab atamwuliza swali moja tu: Sellah ni mtoto wa nani? Akisema wa Dominic, nasahau kelele za msichana, mnaondoka. Akisema wa Magunga, nachana hiyo karatasi, na kila mtu aende panapomstahili."

"Niseme naye kwanza."

"Hapana."

"Nimsalimu tu. Ni mama yangu."

"Ukitoa neno moja la lugha yenu, nakata."

Nikabonyeza namba. Vidole vilikuwa vinateleza kwa ule wino. Sellah alisimama kando yangu, hanitazami. Nilisikia anapumua.

Simu ikaanza kuita kule Ndhiwa.

Wamewahi kumwuliza mama swali hilo, msomaji. Wazee wamemwuliza, chifu amemwuliza, wana wa Dominic wamemwuliza wakimtukana mlangoni kwake. Hajawahi kusita, na hajawahi kutoa majibu mawili. Ndiyo heshima yote aliyonayo, jibu lile.

Nikamwomba Mungu mtandao upotee. Nikamwomba simu izime, betri iishe, mvua inyeshe.

"Haloo?" mama akasema. "Nani huyo?"

Zeinab akainama juu ya simu na kumwuliza.